Dawa ya Tumbo Isiyo na Mwisho

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Malili

Tunashukuru kwamba mmemaliza mwethya mapema leo ili tukae pamoja. Hatutachukua muda mrefu, na mwishoni kuna maswali ambayo kila kikundi kitakwenda kujadili.

Tulipokuwa tukipita katika vikundi, upande huu wa Malili na kule ndani kuelekea Wote, swali moja limerudi mara nyingi. Si swali la mbuzi wala la matangi ya maji. Watu wanauliza: "Hii dawa ya miti ya tumbo, mtu anaweza kuinywa mpaka lini?" Wako wanaoinywa tangu mvua ya mwaka juzi. Wako wanaochukua chupa kila wiki pale stendi, kando ya barabara ya Mombasa, kwa mtu mwenye kipaza sauti. Wako wanaochemsha wenyewe nyumbani. Swali ni zuri, na linastahili jibu la wazi.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: dawa ya tumbo lazima iwe na siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Ile isiyo na mwisho inaweza kuudhuru mwili polepole, na tena inaweza kuficha ugonjwa mpaka ukawa mkubwa. Sasa tueleze.

Hatukuja kuitukana miti ya wazee

Wengine wakisikia watu wa ofisi wanazungumza juu ya dawa za miti, wanafikiri wamekuja kuzikataza. Sivyo. Mwaka 1978, katika mkutano mkubwa wa afya uliofanyika Alma-Ata, mataifa yalikubali kwamba waganga wa kienyeji wanaweza kuwa na nafasi katika afya ya msingi. Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataja tiba za asili waziwazi. Taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, ina kituo kinachochunguza dawa za kienyeji.

Tena hata dispensari tunapewa miti bila kujua. Dawa ya malaria mnayoiita AL, asili ya sehemu yake moja ni mmea. Lakini angalieni jinsi inavyotolewa. Mtu mzima hupewa vidonge 24 kwa siku 3: vinne asubuhi, vinne jioni, basi. Hakuna anayeambiwa aendelee kumeza AL mpaka Krismasi. Mmea umepimwa, kiasi kinajulikana, na mwisho unajulikana.

Hata wazee wetu hawakunywa ovyo. Ukimwuliza nyanya mwenye ujuzi, atakuambia huu mti ni wa siku mbili, ule hapewi mwenye mimba, na ule mtoto haonjeshwi. Mambo ya kubeba jerikani ya lita tano na kunywa vikombe viwili kila siku mwaka mzima si desturi ya wazee. Hayo yamekuja na biashara. Mnakumbuka mwaka 2011 watu walipomiminika Loliondo, Tanzania, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aliyeitwa Babu. Hata huko dawa ilikuwa kikombe kimoja kwa mtu mmoja. Jambo lililowatia wasiwasi watu wa afya ni wale waliorudi nyumbani wakaacha dawa zao za hospitali.

Tumbo linauma kwa sababu nyingi

Tukisema "tumbo", tunaweka magonjwa mengi katika gunia moja. Kuna kiungulia, asidi inapopanda kifuani. Kuna minyoo na amiba. Kuna vidonda vya tumbo. Kuna mawe katika mfuko wa nyongo. Kuna ini lililoumia. Kuna saratani. Mti mmoja hauwezi kuwa dawa ya haya yote, na anayekuambia chupa yake inatibu yote hajakuambia inatibu lipi.

Zamani watu, pamoja na madaktari, waliamini kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo mengi na pilipili. Mwaka 1982 huko Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, waligundua kijidudu kinachokaa katika ukuta wa tumbo. Jina lake ni Helicobacter pylori. Katika maabara zetu wanasema H. pylori. Wenzao walikataa kuamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa maji yenye vijidudu hivyo yeye mwenyewe, na tumbo lake likawaka. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa nini tunawaeleza haya? Kwa sababu yalibadilisha kabisa habari ya vidonda. Ugonjwa uliokuwa wa maisha sasa hutibiwa kwa dawa za kuua kijidudu, pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Siku 14! Na mtu huyo huyo anaweza kukaa na jerikani miaka mitatu. Kijidudu hicho kikiachwa miaka mingi kinaweza hata kuchangia saratani ya tumbo. Watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikiweka katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1994.

Chanzo kingine kikubwa cha vidonda ni dawa za maumivu. Mama anaumwa magoti, ananunua dukani vidonge vya ibuprofen, diclofenac au aspirini, anameza kila siku kabla ya kwenda kuchota maji. Tumbo linachubuka. Halafu anaanza dawa ya miti ya tumbo, na vidonge anaendelea navyo. Hapo hata mti ukiwa mzuri namna gani hauwezi kushinda, kwa maana kinachochubua bado kinaingia kila siku.

Siku tatu si sawa na miezi sita

Kila tunachokula na kunywa hupita kwenye ini. Ini ndilo linalopokea, kupembua na kutengua sumu. Figo nazo huchuja na kutoa kwa mkojo. Viungo hivi viwili ni vivumilivu sana, navyo havilalamiki mapema. Ndiyo maana mtu husema, "Nimekunywa mwaka mzima na sijaona neno." Huenda ni kweli hakuna neno. Huenda pia neno lipo lakini halijajionyesha.

Sisi watu wa Makueni na Kitui hatuhitaji kufundishwa na wageni jambo hili. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua, wengi wao katika wilaya zetu hizi mbili, na 125 wakafa. Walianza kwa maumivu ya tumbo na kutapika, macho yakawa ya manjano. Lilikuwa ni ini. Chakula kilikuwa cha shamba lao wenyewe, cha asili kabisa, hakuna aliyetia kitu. Kwa hiyo neno "ni cha asili" peke yake halitoshi kutuambia kwamba kitu ni salama. Tukumbuke pia kwamba magome na majani yaliyosagwa, yakikaa kwenye karatasi ya nailoni yenye unyevu, huota ukungu kama mahindi.

Mfano mwingine unatoka mbali, Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walikwenda kliniki moja mjini Brussels kutafuta dawa ya kupunguza unene. Walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina, wakavimeza kwa miezi. Mmea mmoja ulikuwa umechanganywa na mwingine unaofanana naye kwa jina, wa jamii ya Aristolochia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo. Wengi walihitaji mashine ya kuchuja damu au kupandikizwa figo nyingine, na baadhi yao miaka iliyofuata walipata saratani ya njia ya mkojo. Hao walikuwa katika mji mkuu, wenye madaktari na maabara. Kilichowapata kilitokana na mambo mawili: mmea usio ndio, na muda mrefu.

Miti tunayoijua hapa kwetu

Tuitaje michache kwa majina.

Kiluma. Huu ni mshubiri wetu wa porini. Ule utomvu wake wa manjano, mchungu, ni dawa kali ya kuharisha. Mtu aliyefunga choo akipata kidogo kwa siku moja mbili atafunguka. Lakini akinywa kwa miezi, matumbo huzoea na kuwa mavivu. Bila kiluma hakuna choo. Mwili pia hupoteza madini ya potasiamu, na madini hayo yakipungua misuli hulegea na moyo unaweza kupiga vibaya. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliondoa dawa za choo za mshubiri katika zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha wa usalama. Mwenye mimba asiutumie kabisa.

Mwarubaini. Wengi huunywa kwa malaria na kwa tumbo. Unaweza kushusha sukari ya damu, kwa hiyo mgonjwa wa sukari anayemeza vidonge vyake na kuongeza mwarubaini anaweza kuzimia. Mwenye mimba, au mwanamke anayetafuta mtoto, auache. Na mafuta yake asinyweshwe mtoto mchanga hata tone. Watoto wamepata degedege na wengine kufa.

Musemei. Magome yake huchemshwa na kutiwa katika supu. Yana ule ukali unaokausha mdomo, ule ule unaotumika kulainishia ngozi. Kutia kidogo katika supu ya sikukuu si neno. Lakini kuyanywa kila siku pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma, na akina mama wengi tayari wana upungufu wa damu.

Mbarika. Mafuta yake yaliyotengenezwa vizuri huharisha kwa nguvu, si ya kila wiki. Mbegu zenyewe zina sumu kali. Zisitafunwe, na watoto wasizichezee.

Magadi na soda ya kuokea. Hizi si miti, lakini wengi huzilamba kwa kiungulia. Zinatuliza kwa saa moja, kisha asidi inarudi. Zina chumvi nyingi ya sodiamu, na mwenye presha anajiongezea presha.

Tangawizi katika chai, au kitunguu saumu katika mboga, kwa kiasi cha mapishi, havina shida kwa watu wengi. Chakula ni chakula. Tunazungumza juu ya kitu kinachochemshwa kikawa kizito na kunywewa kwa miezi.

Halafu kuna zile chupa za stendi. Hizo ni habari nyingine, kwa kuwa hata muuzaji mara nyingi hajui kilichomo. Katika nchi nyingi wapimaji wamekuta dawa za "miti" zilizotiwa vidonge vya maumivu au vya steroidi vilivyosagwa. Ndiyo maana mtu husikia nafuu siku ile ile, anasifu, halafu baada ya miezi anaanza kuvimba uso au kutapika damu. Dawa ya miti inayouzwa kama bidhaa inatakiwa kuandikishwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, wala orodha ya vilivyomo, wala tarehe, tuiache pale pale.

Nafuu inayoficha

Mzee mmoja wa pande hizi, mwanakikundi mwenzetu, alikuwa na maumivu juu ya kitovu na chakula kilikuwa kikikwama kidogo. Akapata dawa ya miti. Maumivu yakapungua, naye akasema amepona, ila kila akiiacha yanarudi. Akaendelea miezi kumi na mmoja. Kwanza akaacha muthokoi kwa sababu ulikuwa haupiti, kisha ugali, mwisho akabaki na uji. Kikundi kilipomchangia akapelekwa hospitali, ilionekana ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Saratani hii ni mojawapo ya zinazowapata Wakenya wengi. Madaktari walisema wakati wa upasuaji umepita. Tulimzika kabla ya mavuno.

Hatusemi mti ndio uliomletea saratani. Hatuna ushahidi huo. Tunasema nafuu ile ilimwazima miezi, na miezi ile ndiyo iliyokuwa ya kumtibu.

Na tuangalie mfuko pia. Tuseme chupa ni shilingi 300 kwa wiki. Kwa mwaka ni shilingi 15,600. Mtu anayesema hana pesa za vipimo huenda tayari ameshazilipa, ila kidogo kidogo, na bila kupimwa. Mwisho wake kikundi ndicho kinachobeba: mchango wa gari, wa hospitali, wa mazishi.

Na dawa za hospitali je?

Mtatuuliza, na mna haki: je, za hospitali hazina madhara? Zinayo. Vidonge vya kupunguza asidi kama omeprazole navyo visimezwe miaka bila daktari kuangalia. Dawa za H. pylori zikiachwa katikati kwa sababu tumbo limetulia, kijidudu kinabaki na kuwa sugu. Maliza siku zote ulizoandikiwa.

Jambo moja juu ya vipimo. Kipimo cha damu cha H. pylori kinaweza kuonyesha "ndiyo" muda mrefu baada ya kijidudu kufa, kwa sababu damu hukumbuka vita vya zamani. Watu wanatibiwa mara tatu, nne, kwa sababu ya karatasi ile. Ukitaka kujua kama umepona, uliza kipimo cha choo au cha pumzi, angalau wiki nne baada ya kumaliza dawa za kuua kijidudu, na uwe umeacha dawa za asidi wiki mbili. Mwulize daktari kwa ujasiri. Ni haki yako.

Basi tufanye nini?

Tunapendekeza kila kikundi kikubaliane juu ya mambo haya:

1. Dawa ya miti ya tumbo isizidi wiki mbili. Ikiwa nafuu haijaja, au inakuja na kuondoka, nenda ukapimwe.

2. Andika katika daftari: jina la mti, sehemu iliyotumika, kiasi, siku ya kuanza na siku ya kumaliza.

3. Mwambie daktari kila kitu unachokunywa, na umwambie mganga dawa zote za hospitali unazomeza. Usione haya. Ukiogopa kukaripiwa, nenda na mwanakikundi mwenzako au mhudumu wa afya wa kijiji.

4. Usiache dawa za presha, sukari, kifua kikuu au ARV kwa sababu ya dawa yoyote ya miti.

5. Wenye mimba, wanaonyonyesha, watoto, na wenye ugonjwa wa ini au figo wasinywe kabla ya kuuliza.

6. Usisubiri hata hizo wiki mbili ukiona mojawapo ya haya: kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, choo cheusi kama lami, ambapo mama anayemeza vidonge vya chuma amweleze daktari, chakula kukwama, kukonda bila sababu, macho ya manjano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, kuvimba miguu na uso, kukojoa kidogo sana. Na aliyepita miaka 45 ambaye hakuwa na shida ya tumbo, kisha ikaanza, apimwe mapema.

7. Kikundi kiwe na akiba ndogo ya vipimo, kama ile ya mazishi. Tumezoea kuchanga haraka mtu akishakufa. Tujifunze kuchanga angali anatembea.

Mwishoni tunasema hivi. Maandiko yenyewe, katika kitabu cha Yoshua bin Sira, yanaheshimu dawa zitokazo ardhini na pia yanamheshimu tabibu. Hayakumwambia mtu achague mmoja na kumkataa mwingine. Miti ni yetu, tuitumie kwa kipimo. Hospitali nayo ni yetu, tuiendee mapema.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni nani anakunywa dawa ya tumbo kwa zaidi ya mwezi mmoja? Je, amewahi kupimwa?

2. Ni miti gani wazee wa kijiji chetu wanaijua, na walikuwa wakiitoa kwa siku ngapi? Nani ataandika ujuzi huo kabla haujapotea?

3. Ni wangapi kati yetu wanameza vidonge vya maumivu kila siku?

4. Tunaweza kuweka shilingi ngapi kwa mwezi kwa akiba ya vipimo, na nani atashika daftari?

Sasa ulizeni.